Lori Likigoma Kuwaka Asubuhi: Tafuta Hewa Kabla ya Kufungua Pampu

Sisi wa kitivo cha elimu tumezoea utani wa kafeteria kwamba mwalimu hajui kitu zaidi ya andalio la somo na chaki. Leo naandika juu ya chaki hiyohiyo, ila niliyoitumia nikiwa nimelala juu ya gunia chini ya lori, mwezi wa 7, kwenye baridi ya Njombe. Masomo yangu ya kufundishia ni fizikia na hisabati. Umakanika sijausomea. Nitaeleza nilichokiona na kukijaribu mwenyewe pamoja na sababu zake, na naamini yeyote aliyeelewa presha ya hewa akiwa kidato cha 2 ataweza kunifuata mpaka mwisho.

Baba mdogo ana lori dogo la tani 3 na nusu, la dizeli, lenye pampu ya zamani isiyo na kompyuta. Linabeba viazi kutoka vijijini kwetu kwenda Makambako. Biashara hiyo ni ya alfajiri. Ukifika sokoni saa 12 unataja bei wewe, ukifika saa 3 unatajiwa. Tangu mwezi wa 5 lori likaanza kugoma asubuhi. Lilikuwa linawaka vizuri sekunde 4 au 5, linazima, halafu linadai stata dakika 20 nzima ndipo liwake tena. Betri 2 zilikuwa zinaisha nguvu, majirani wanaitwa kusukuma, viazi vinasubiri. Likishawaka, siku nzima halina shida. Ukilizima kwa nusu saa likiwa la moto, linawaka mara moja.

Fundi mmoja mjini alilisikiliza akasema pampu kubwa imechoka, ishushwe, ikafunguliwe na kutengenezwa: shilingi 1,200,000 pamoja na vifaa. Nilipofika nyumbani kwa likizo ndefu nikakuta mnunuzi wa ng'ombe ameshakuja mara moja. Ng'ombe mwenyewe ni yule wa maziwa, ambaye maziwa yake ndiyo yanayomlipia ada mdogo wangu chuo cha uuguzi. Nikamwomba baba mdogo wiki moja. Akaniambia, "Haya mwalimu, wiki moja. Lakini ng'ombe wangu akikonda kwa kusubiri, utamlipa wewe."

Tuanze na injini yenyewe. Injini ya petroli inawasha moto wake kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Inavuta hewa tupu ndani ya silinda, inaibana mpaka ibaki sehemu 1 kati ya 15 hadi 20 ya nafasi iliyokuwa nayo, na hewa ikibanwa namna hiyo kwa haraka inapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Umewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono ukasikia chini ya pampu pana moto? Ni jambo lilelile. Halafu nozeli inapuliza dizeli kama ukungu ndani ya hewa hiyo ya moto na inawaka yenyewe. Rudolf Diesel alionyesha injini ya namna hiyo ikifanya kazi mwaka 1897, kule Augsburg, Ujerumani, na mpaka leo kanuni haijabadilika.

Kwa hiyo ili lori liwake unahitaji mambo manne tu: stata izungushe injini kwa kasi ya kutosha, silinda zibane hewa vizuri, pawe na joto la kutosha (hapa ndipo hita plagi zinasaidia asubuhi ya baridi), na dizeli ifike kwenye nozeli kwa wakati na kwa nguvu. Lori linapogoma, moja kati ya hayo limekosekana. Kazi yote ni kujua ni lipi, bila kununua kitu.

Jambo la kwanza la kuangalia ni la bure kabisa: moshi. Mtu mmoja apige stata, wewe simama nyuma utazame bomba la moshi. Stata ikizunguka vizuri na moshi mweupe ukatoka kwa wingi, maana yake dizeli inafika ndani ila haiungui. Hapo waza baridi, hita plagi, silinda zinazovuja mbano, au muda wa kupuliza uliohama. Lakini stata ikizunguka vizuri na bomba la moshi likakaa kimya, hamna hata wingu, basi dizeli haifiki. Huwezi kutoa moshi wa kitu ambacho hakijaingia.

Asubuhi yangu ya kwanza, saa 10 na nusu, nilisimama nyuma ya lori na tochi ya simu. Likawaka kidogo, likazima. Baada ya hapo utingo akapiga stata, ikazunguka kwa nguvu, na bomba halikutoa kitu. Nikaandika kwenye daftari: betri nzuri, stata nzuri, moshi hakuna. Baba mdogo aliona nachelewesha watu. Ila kwa mstari huo mmoja tulikuwa tumeshaweka kando hita plagi na mbano wa silinda, angalau kama sababu kubwa.

Sasa pampu. Hapa nilikaa muda mrefu, kwa sababu fundi ana uzoefu wa miaka na mimi nina vyeti vya karatasi. Pampu kubwa ya dizeli inasukuma mafuta kwa vyuma vidogo vinavyoteleza ndani ya mirija kwa nafasi finyu mno. Vikichakaa, dizeli inapenya pembeni badala ya kwenda kwenye nozeli. Lini itapenya zaidi? Dizeli ikiwa ya moto, maana mafuta ya moto ni mepesi, yanapita popote. Ndiyo maana pampu iliyochoka kwa kawaida inaonyesha ugonjwa wake injini ikiwa ya moto: unazima njiani kununua maji, ukirudi haliwaki, unalimwagia pampu maji baridi, linawaka. Lori letu lilikuwa kinyume. La moto linawaka mara moja, la baridi linagoma. Sikusema fundi amekosea. Nilisema dalili hazimwelekei anakotuelekeza. (Na sisi walimu tusimcheke. Mara ngapi mtoto anakosa hesabu tunasema "hana msingi" bila kumuuliza amekwama hatua ya ngapi?)

Fuata njia ya dizeli pamoja nami, kwa kuwa bila ramani hii hutaelewa kilichobaki. Dizeli inatoka kwenye tangi, lililofungwa ubavuni mwa chesi nyuma ya kabini. Inapita kwenye mpira mpaka kwenye kikombe cha kutenganisha maji, ambacho gereji wanakiita sepereta. Kutoka hapo inakwenda kwenye pampu ndogo iliyoshikamana na ubavu wa pampu kubwa. Hiyo ndogo ndiyo inayovuta, na juu yake kuna kitufe cha kupampu kwa mkono. Pampu ndogo inaisukuma dizeli kwenye filta, kisha kwenye pampu kubwa. Pampu kubwa inaipeleka kwa mabomba membamba ya chuma hadi kwenye nozeli. Inayobaki inarudi tangini kwa njia ya ritani.

Ukiitazama ramani hiyo utaona kuna maeneo matatu yenye presha tofauti kabisa, na kila eneo linavuja kwa namna yake. Kati ya pampu kubwa na nozeli presha ni ya kutisha: nozeli za mfumo wa zamani zinafunguka kwenye presha ya karibu mara 200 ya presha ya hewa, wakati tairi la gari dogo linajazwa mara 2 hivi tu. Hapo pakivuja utaona, dizeli inaruka. Kati ya pampu ndogo na pampu kubwa presha ni ndogo, lakini ipo, kwa hiyo injini ikiwa inaunguruma utaona unyevu au matone. Ritani nayo ikivuja inalowesha. Lakini kutoka tangini hadi pampu ndogo hakuna kusukuma, kuna kuvuta. Presha ndani ya mpira ni ndogo kuliko ya nje. Penye tundu hapo, dizeli haitoki. Hewa ndiyo inayoingia.

Hapo ndipo wengi tunapotea. Neno "kuvuja" kichwani mwetu maana yake ni tone chini. Baba mdogo aliniapia kwamba lori halivuji, na alikuwa sahihi kwa macho: chini pakavu, mipira mikavu, vumbi limetulia. Lilikuwa linavuja kuelekea ndani.

Hewa kidogo ina ubaya gani? Ubaya ni kwamba inabanika. Dizeli haibanuki kirahisi, kwa hiyo chuma cha pampu kikisukuma, nozeli inafunguka. Kukiwa na pumu ya hewa mle, chuma kinasukuma, pumu inajikunja, chuma kinarudi, pumu inajitanua. Nozeli haijui hata kama kuna mtu anagonga mlango. Injini inazunguka, hakuna kinachopulizwa.

Na kwa nini asubuhi tu? Chukua mrija wa soda, uchovye kwenye glasi ya maji, ziba juu kwa kidole, unyanyue. Maji yanabaki ndani ya mrija. Presha ya hewa ya nje inayashikilia kwa chini. Inua kidole, yanaanguka. Presha ya hewa usawa wa bahari inaweza kushikilia nguzo ya maji ya mita 10, na ya dizeli ndefu kidogo zaidi kwa kuwa dizeli ni nyepesi. Huku kwetu milimani presha imepungua, lakini hata iliyobaki inatosha kushikilia nguzo ndefu kuliko lori lenyewe. Kati ya tangi na pampu pana kimo kisichofika mita 1. Kwa hiyo dizeli iliyopanda jana jioni haina sababu ya kurudi tangini usiku, isipokuwa mtu ameinua kidole. Tundu dogo ndicho kidole kilichoinuliwa. Ukizima nusu saa, inashuka kidogo na pampu inaivuta tena. Ukilaza saa 9, mpira wote umebaki hewa. Asubuhi injini inakunywa dizeli iliyobaki kwenye filta na pampu kubwa, hizo ndizo zile sekunde 4 au 5, kisha hewa inafika, kimya.

Nadharia nzuri, lakini nadharia haiokoi ng'ombe. Nilihitaji ushahidi.

Wa kwanza alinipa utingo bila kujua. Tulikuwa tunakunywa chai akasema, "Ila dada mwalimu, siku tunayolala stendi ya viazi, hili gari linawaka lenyewe. Ni baridi ya nyumbani tu hii." Wote walikuwa wanaamini ni baridi. Nikamuuliza stendi ya viazi kuna joto? Akacheka, kule upepo unakata masikio. Basi tofauti ni nini? Tukaenda kuangalia. Nyumbani lori linapandishwa kuelekea uani, pua juu, kwa kuwa uwanja una mteremko. Stendini linaegeshwa pua chini ili likigoma wasukume. Pua ikiwa juu, injini iko juu zaidi ya tangi, dizeli inashuka kwa urahisi. Pua ikiwa chini, injini imekaribia usawa wa tangi au iko chini yake, dizeli haina pa kukimbilia. Baridi ileile, lori lilelile, kilichobadilika ni mwinuko. Utingo akaongeza kwamba siku za stendini, tangi likiwa limejaa, huwa anaona unyevu mdogo chini ya chesi upande wa kushoto na anaufuta akidhani ni oili. Nilitaka kumkumbatia. Pua chini na tangi limejaa, dizeli iko juu ya tundu, kwa hiyo tundu lilelile lililokuwa linaingiza hewa sasa linatoa mafuta!

Ushahidi wa pili ni pampu ya mkono. Asubuhi iliyofuata, kabla ya mtu yeyote kugusa ufunguo, nilipampu kitufe kile huku nahesabu. Mwanzoni kilikuwa chepesi kabisa, unasikia unasukuma upepo. Kwenye 38 kikaanza kuwa kigumu, 45 kikakaza. Ufunguo, stata, lori likawaka kwa mzunguko wa pili na halikuzima. Kwa mfumo mzima wenye dizeli ndani, kitufe kinakaza baada ya kusukuma mara chache tu. Jambo kubwa zaidi: kama pampu kubwa ingekuwa imekufa, au nozeli, au mbano wa silinda, kupampu kwa mkono kusingesaidia kitu. Kumbe hivyo vyote vina afya ya kutosha. Kinachokosekana ni dizeli kukaa mahali pake.

Mtu akikupa ushauri wa kufungua pampu, fanya kwanza jaribio hili la dakika 2. Halihitaji spana hata moja.

Sasa ni wapi? Kutoka tangini mpaka kwenye pampu ndogo nilihesabu maungio 8, ukijumlisha kikombe cha sepereta na kitufe cha mkono chenyewe, ambacho nacho huwa kinapitisha hewa kwenye mpira wake wa ndani. Unaweza kubadilisha vyote na huenda ukapona, lakini hutajua ulipona na nini. Njia ni kukata njia katikati. Nilinunua dumu jipya la lita 5, nikaweka dizeli safi, nikachomoa mpira unaoingia pampu ndogo na kuunganisha mpira mwingine kutoka kwenye dumu. Tangi na sepereta vikawa nje ya mchezo. Lori likalala hivyo, pua juu.

Hapa nilifanya kosa. Dumu nililifunga juu, nyuma ya kabini, ili lisipigwe teke na mbwa. Asubuhi lori likawaka kama jipya, baba mdogo akapiga makofi, utingo akaanza kupakia. Mimi nikakaa kwenye ngazi nikijiona mjinga. Dumu lilikuwa juu ya pampu. Dizeli ya juu inashuka yenyewe, hata kama tundu liko kwenye pampu ndogo au kwenye filta, isingerudi popote. Nilikuwa nimebadilisha vitu viwili kwa pamoja: njia na kimo. Jaribio la namna hiyo ningemnyima mwanafunzi wangu alama. Ilibidi nirudie usiku wa pili na dumu likiwa chini, usawa wa tangi, nimelizungushia mawe. Hiyo ilikula siku moja kati ya 7 zangu, na baba mdogo hakuelewa kwa nini narudia kitu kilichofanya kazi. Asubuhi likawaka. Sasa naweza kusema kwa uhakika: kuanzia pampu ndogo kwenda mbele ni salama, tundu liko kati ya tangi na pale nilipochomoa mpira.

Wenye gereji wana njia nyingine nzuri: kuunganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ndogo, kisha kutazama mapovu injini ikiwa inaunguruma. Nami nilifanya. Niliona vipovu vidogo vikipita, vimoja vimoja, kama vya soda. Ukihamisha kipande hicho kutoka ungio hadi ungio kuelekea tangini, mahali vipovu vinapopotea umeshapita tundu. Tatizo ni kwamba kila unapohamisha unafungua ungio na kulifunga upya, na unaweza kutengeneza uvujaji mpya kwa mkono wako. Nikaona nitumie chaki.

Tulirudisha mipira yote mahali pake. Tukajaza tangi. Tukaegesha lori pua chini, makusudi, ili tundu liteme nje. Nikafuta kila ungio kwa kitambaa kikavu mpaka likang'aa, nikasaga vijiti 2 vya chaki nyeupe nilivyobaki navyo tangu mazoezi ya kufundisha, nikanyunyiza unga wake kuzunguka kila ungio kwa brashi ya kupakia rangi. Kisha tukaenda kula. Chaki kavu inakunywa unyevu na inabadilika rangi, kwa hiyo hata jasho la dizeli ambalo jicho halilioni linaacha doa. Baada ya saa 2 hivi nilirudi na tochi. Maungio yote meupe, isipokuwa ukingo wa juu wa kikombe cha sepereta: mstari wa kijivu, urefu wa kucha ya kidole gumba.

Tukakifungua. Mahali pa oringi palikuwa na duara lililokatwa kwa mkasi kutoka tyubu la tairi. Limevimba, limelegea, linateleza kama utumbo. Baba mdogo akaliangalia muda mrefu, kisha akasema ni yeye. Mwezi wa 4, usiku, njiani, alimwaga maji ya kikombe, oringi ya zamani ikakatika, akakata tyubu akafunga. Lori likatembea. Wiki chache baadaye ugomvi wa asubuhi ukaanza, na kwa kuwa baridi nayo ilikuwa inaanza, hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Mpira wa tyubu umetengenezwa kushika upepo. Haukutengenezwa kukaa ndani ya mafuta. Dizeli inapenya ndani yake, unavimba na kupoteza ukakamavu wa kukaza pengo. Oringi za mafuta zinatengenezwa kwa mpira wa aina nyingine, naitraili, unaovumilia petroli na dizeli. Nilikata kipande cha tyubu, nikakichora kwenye karatasi kwa kalamu, nikakiloweka kwenye dizeli siku 2, nikakirudisha juu ya mchoro wake. Kilikuwa kimeuzidi mchoro pande zote. Karatasi hiyo ninayo, nitaitumia darasani.

Oringi mpya Makambako ilikuwa shilingi 2,500. Tukaongeza washa mpya za kopa kwenye bolti zinazopitisha mafuta, maana washa ya kopa ikishakazwa mara moja inakuwa imejikandamiza kwa umbo lile, ukiirudisha haizibi vizuri kama mwanzo. Tukapampu kwa mkono kutoa hewa, tukalaza lori pua juu. Asubuhi sikupampu. Baba mdogo akapiga stata mwenyewe. Likazunguka kidogo, likawaka, likabaki limewaka. Mnunuzi wa ng'ombe alipigiwa simu saa 1.

Kuna mambo ya hatari ambayo siwezi kuyaruka, hasa kwa wenzangu wenye ndugu wa malori watakaotaka kujaribu. Usitafute uvujaji wa mabomba ya nozeli kwa kidole. Dizeli ya presha ile inatoboa ngozi na kuingia ndani. Jeraha linaonekana kama umechomwa na mwiba tu na haliumi sana mwanzoni, kumbe ndani nyama inakufa. Likitokea, ni hospitali saa ileile, usingoje livimbe. Tumia kipande cha boksi kukinga, na miwani. Na kama gari ni la kisasa, lenye mfumo wa kompyuta na bomba moja la pamoja linalolisha nozeli zote, usilegeze nati za mabomba hayo kabisa. Presha yake inapita mara 1,000 ya presha ya hewa, na katika mengi ni karibu mara 2,000. Kulegeza nati kutoa hewa ni mambo ya mifumo ya zamani, na hata huko ni kwa fundi anayejua.

Spreya ya kuwashia nayo. Wengi wanapulizia kwenye njia ya hewa lori likigoma. Kama injini ina hita plagi au hita ya hewa na imepata moto, spreya inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Stata pia usiishikilie. Sekunde 10 hadi 15 zinatosha, kisha ipumzishe dakika 1 au 2, vinginevyo utaongeza ugonjwa wa pili.

Na kila unapochunguza dizeli, chomoa kijiti cha oili. Pampu ndogo ikichoka sili yake ya ndani, dizeli inashukia kwenye oili ya injini. Nje pakavu, tangi linapungua, oili inaongezeka badala ya kupungua, na inanuka dizeli. Oili iliyochanganyika hivyo ni nyepesi, hailindi beringi. Uvujaji huo hauonekani chini ya gari wala kwenye chaki, na ndio unaoua injini. Yetu ilikuwa kwenye alama yake, nilishukuru.

Lori bado halijawa kamilifu. Siku mbili kabla ya kurudi chuo, asubuhi ya baridi kali, lilitoa moshi mweupe kidogo wakati wa stata na likatetemeka nusu dakika. Moshi mweupe: dizeli inafika sasa, ila silinda mojawapo inachelewa kupata joto. Nikafungua kipande cha chuma kinachounganisha hita plagi, nikapima moja moja kwa taa ya majaribio kutoka chanya ya betri. Tatu zikawasha taa, ya nne ikakaa giza. Baba mdogo anasema atainunua viazi vya mwezi wa 9 vikiuzwa. Kwa sasa anashikilia ufunguo kwenye hita muda mrefu kidogo, na lori bado analiegesha pua chini.